Ng'ombe Niliyemwacha Cheptiret

Langas, Eldoret
9 Februari 2025

Kwa Shiko wangu,

Pokea salamu zangu, na za cherehani yangu ambayo bado inapiga kelele ile ile uliyokuwa ukiilalamikia. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo baridi ikiingia hunikumbusha umri. Wewe je? Kile kikohozi cha Nyahururu kimeisha? Msalimie pia Sista anayesoma barua zangu kabla yako. Mwambie sina siri naye, na kama Kiswahili changu kina makosa asahihishe tu, kalamu anayo.

Nina jambo nililokuficha mwaka mzima. Unakumbuka pesa nilizokuwa nakuwekea za harusi, zile za chama chetu cha akiba na za kushona sare za shule? Ulipoingia utawa nilizitazama miezi mitano. Nikaona pesa za harusi bila harusi ni uchungu kukaa nazo. Januari mwaka jana nikanunua ng'ombe. Nilijiambia ng'ombe angalau hatakimbilia watawa.

Aliyeniuzia ni Mzee Kipyego wa Cheptiret, mteja wangu wa miaka kumi na moja. Kila Januari huja kuwashoneshea wajukuu wake sare, na hulipa yote kabla sijakata kitambaa. Alisema ana mtamba mwenye mimba. Nikaenda kumwona, nikampenda, nikalipa elfu tisini: sitini kwa M-Pesa na thelathini mkononi. Ng'ombe nikamwacha kwake kwa sababu hapa kwenye ploti sikuwa na zizi. Nilipotaka kujenga, mwenye ploti akasema kwake hukaa watu. Baadaye goti likanishika, kazi ikanishika, na mwaka ukaisha hivyo.

Desemba nilipata mahali pa kumfugia, nikampigia mzee. Simu haipatikani. Nikapiga wiki mbili. Januari hii hakuja na wajukuu, na hapo moyo wangu ukajua nimeibiwa. Nikamtuma Irungu, yule jirani wetu wa bodaboda, akaulize ng'ombe aliyeuziwa Mama Shiko wa Langas. Alimkuta mwana wa mzee, anaitwa Kiptoo. Kiptoo akasema mzee alipooza Oktoba na hasemi tena, na kwao hakuna ng'ombe aliyeuziwa mtu wa Langas, na kama kuna karatasi iletwe.

Karatasi sina. Mteja wa miaka kumi na moja unamwomba karatasi?

Wewe ulifanya kazi kwa wakili miaka minne. Niambie nifanye nini nirudishiwe pesa zangu. Au uje mwenyewe. Wakikuruhusu hata miezi miwili tutamaliza, kisha utaamua kama unarudi. Kitanda chako sijakiwekea vitambaa, kiko vile ulivyokiacha.

Mama yako

*

Nyahururu
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu kutoka kwenye baridi. Kikohozi kimeisha, kilichobaki ni usingizi, maana hapa tunaamka saa kumi na moja. Goti lako ulifunge kile kitambaa cha sufu, usijifanye kijana. Sista Jelagat, mlezi wetu, ndiye anayesoma barua. Nilimpa salamu zako na akazipokea bila kucheka, lakini nilimwona akigeuka dirishani.

Barua yako niliisoma mara tatu. Sikujua kama kulikuwa na pesa za harusi. Ungeniambia, ningekushauri ununue cherehani ya umeme. Lakini nakuelewa, na sikulaumu.

Kuja siwezi kwa sasa. Kwa kanuni ya nyumba hii, nikitoka kabla ya nadhiri mwaka wangu wa malezi unaanza upya, na nadhiri zangu za kwanza ni tarehe 15 Agosti. Kwa hivyo nitakusaidia kwa kalamu. Ila nakuahidi hivi: nikiona kalamu haitoshi, nitakuja. Siwezi kukaa huku naimba zaburi na wewe umepoteza elfu tisini kwa sababu yangu.

Anza na taarifa ya M-Pesa ya Januari mwaka jana. Hiyo ndiyo karatasi yako, ingawa unasema huna. Kisha mwandikie mzee barua ya madai: ulinunua nini, ulilipa lini na kiasi gani, unataka nini, na umempa siku kumi na nne. Weka nakala, na Kiptoo atie sahihi kwamba ameipokea. Siku zikiisha kimya, nenda mahakama ya madai madogo pale mjini ukajaze fomu. Huko huhitaji wakili, utaongea mwenyewe, na nawaonea huruma.

Sasa maswali yangu, na unanijua. Ng'ombe ni wa rangi gani? Nani mwingine alikuwepo siku hiyo? Na la muhimu zaidi: mzee alisema nini, na wewe ulijibu nini, neno kwa neno? Kwa wakili nilijifunza kwamba ugomvi mwingi huanza kwenye sentensi ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

Kuna kitu ambacho hakinitoki akilini. Mtu analipa sare kabla kitambaa hakijakatwa, miaka kumi na moja, halafu anaanza wizi uzeeni kwa ng'ombe mmoja? Kwa nini?

Binti yako,
Shiko (huku wananiita Sista Faraja, jina ambalo wewe hutaki kuliandika)

*

Langas
6 Aprili 2025

Shiko wangu,

Habari za siku nyingi. Mvua imeanza na tope la Langas limerudi, viatu tunavua mlangoni kama msikitini. Goti limetulia. Sista Jelagat, hujambo? Nimefurahi kujua jina lako, maana nilikuwa nakuita Sista Miwani bila kukuona.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Taarifa ya M-Pesa nilipata, elfu sitini imeandikwa wazi pamoja na jina la mzee. Barua ya madai ilichapwa na msichana mmoja mjini, akaniuliza kama aweke neno "tafadhali". Nikamwambia aweke moja tu. Irungu akaipeleka, Kiptoo akatia sahihi. Siku kumi na nne ziliisha. Hakuja, hakupiga simu. Alimtumia Irungu ujumbe kwamba babake alikuwa na biashara na watu wengi, na elfu sitini inaweza kuwa ya sare. Shiko, sare za elfu sitini! Anadhani namshonea babake jeshi?

Basi nikaenda mahakamani. Nilidhani kutakuwa na watu wa joho na kelele, kumbe ni chumba kama ofisi ya mwalimu mkuu. Nimejaza fomu, nimelipa ada, na tarehe imetoka: 22 Mei.

Karani wa pale aliniuliza swali kama yale yako. Mlikubaliana ng'ombe aletwe lini? Nikamwambia kwanza nikakumbuke vizuri. Ulipouliza wewe nilikasirika, nikaona unauliza rangi ya ng'ombe kana kwamba unataka kumshonea sweta. Alipouliza yeye niliona aibu. Kwa hivyo nilirudi nyumbani, nikazima cherehani, nikakaa kukumbuka. Nakuandikia yote.

Ng'ombe ni wa kahawia, na ana doa jeupe kwenye paji la uso. Nilimlipa mzee tukiwa tumeketi nje ya nyumba yake. Akaniuliza nitamchukua lini. Nikamwambia, "Ikae tu kwako, mzee. Kwangu hakuna nyasi, na wewe ndiye unajua ng'ombe." Nilisema vile mtu husema, kwa adabu. Mzee akanitazama mpaka nikadhani nimemkosea. Akainuka, akaenda nyumba ya chini, akarudi na mama mmoja mzee kabisa. Akaniomba nirudie maneno yale mbele yake. Nikarudia. Yule mama akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniletea maziwa ya kibuyu, yale yao yenye mkaa. Nilikunywa kikombe kizima ingawa tumbo langu lilikataa. Mzee akashika nyasi mkononi, akasema maneno ya kwao. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, kilomita nzima, mtu wa umri ule.

Mimi nilidhani ndivyo wanavyowaheshimu wateja. Sasa naona alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kama hii kesi itanishinda, Shiko, ahadi yako nimeiweka kwenye sanduku pamoja na nyaraka.

Mama yako

*

Nyahururu
27 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Heri za Pasaka, ingawa zimechelewa. Sisi wazima, na tulikula nyama. Nimeona ulivyoiweka ahadi yangu pamoja na ushahidi wa kesi. Wewe ungekuwa wakili mbaya sana kwa adui zako.

Barua yako ilikaa wiki nzima bila kunifikia. Nilijua imefika kwa sababu nilimwona mbeba posta akiishusha. Jumatatu Sista Jelagat akaniita ofisini. Nilikwenda nikihesabu makosa yangu: nilivunja sahani, nilisinzia kwenye tafakari. Nikamkuta ana barua yako mbele yake. Akaniambia niketi, nimsomee kwa sauti ile sehemu ya maziwa. Nikasoma. Nilipofika pale alipokusindikiza kilomita nzima, Sista alikuwa amevua miwani anafuta machozi, na hayakuwa ya huzuni. Alikuwa anacheka.

Yeye ni mtu wa Nandi, mila moja na watu wa Cheptiret. Aliniambia kwao mtu hawezi kuweka ng'ombe wake wote kwenye boma moja, maana ugonjwa ukija, au wezi, anabaki mikono mitupu. Kwa hivyo humwekea rafiki anayemwamini. Huitwa kimanagan. Rafiki anamlisha na kumtibu, na maziwa ni yake. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama wote ni wa mwenyewe. Ni heshima kubwa kuombwa hivyo. Mtu hatoki tu barabarani akampa kitu kama hicho mtu asiyemjua. Na ukimwekea, lazima uwe unakuja kumwona.

Mama, mzee hakukataa kukuletea ng'ombe. Wewe ulimwambia akae naye, ukarudia mbele ya shahidi, ukanywa maziwa. Siku ile uliondoka Cheptiret ukiwa si mteja tena.

Nilimuuliza Sista, sasa kwa nini Kiptoo hajui? Akasema jambo hilo halitangazwi. Babake mwenyewe alikuwa na ng'ombe kwenye maboma manne, na mkewe aliyajua mawili. Ndipo akaomba kalamu, akaandika hapa chini. Haijawahi kutokea katika nyumba hii, wenzangu bado wananong'ona.

Binti yako,
Shiko

Mama Shiko, habari yako. Mimi ndiye Miwani. Kiswahili chako hakina kosa. Ulimtuma mtu akaulize ng'ombe aliyeuzwa. Hakuna aliyeuliza ng'ombe aliyewekwa. Usimuulize kijana. Nenda mwenyewe kabla ya tarehe ya korti, umtafute yule mama aliyekupa maziwa. Beba sukari na majani ya chai. Na usitaje pesa mpaka umwone ng'ombe. Jelagat.

*

Langas
25 Mei 2025

Shiko wangu, na Sista Jelagat ambaye najua anasoma kwanza,

Nawasalimu nyote wawili. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, goti linauma kwa sababu ya mwendo ambao mtausikia.

Nilienda Cheptiret tarehe 14 na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Sikuingia kwa Kiptoo. Nilishuka moja kwa moja nyumba ya chini. Yule mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mboga. Anaitwa Jepchumba, ni dada mkubwa wa mzee. Nilidhani hatanikumbuka. Aliinua uso, akaniangalia kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akaniambia, "Mwaka mzima hukuja kuona ng'ombe yako. Sisi tulikukosea nini?"

Shiko, nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu Februari, ina maneno kama wizi na aibu na Mungu anaona. Ilipotea yote. Nilibaki nimesimama na sukari yangu.

Akaniketisha. Akaniambia ng'ombe alizaa Mei mwaka jana, ndama jike. Mzee aliwakataza wasinipigie simu, akasema mwenye ng'ombe habari njema huzisikia akija, akiwa ameshika kikombe. Kila gari likisimama barabarani alikuwa akichungulia. Nikiwa huku namhesabu mwizi, yeye alikuwa ananingoja.

Halafu akaniambia lililobaki. Oktoba mzee alipoanguka, yeye mwenyewe alikuwa Kapsabet kwa mjukuu wake aliyejifungua. Kiptoo alitakiwa pesa za hospitali siku ile ile. Akafungua zizi, akamuuza wa kwanza aliyekuwa na maziwa mengi. Alikuwa wangu. Mama Jepchumba aliporudi akaona nafasi tupu, akadhani Kiptoo aliniomba ruhusa na mimi nikakubali. Hakuuliza, kwa sababu mambo hayo hayaulizwi ovyo. Na Irungu alipokuja kuuliza habari za ng'ombe aliyeuziwa mtu, Kiptoo alijibu alichojua. Hakuna aliyedanganya. Nimetafuta uongo katika jambo hili lote na sijauona, na inaniudhi, maana nilikuwa nimeshakasirika.

Aliitwa Kiptoo. Alikuja na gamuboti na barua ya korti mfukoni. Shangazi yake alimweleza kwa lugha yao, maneno machache tu. Nikaona uso wake ukibadilika. Alikaa chini kwenye nyasi, mwanamume mwenye watoto watatu, akashika kichwa.

Wakanipeleka kwa mzee. Wamemweka kwenye kiti juani, upande wa kulia haumsikii. Aliponiona alianza kulia. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha zizi, akaonyesha, akaonyesha, mpaka Kiptoo akaenda akamleta ndama. Kahawia, na doa jeupe kwenye paji, kama mamake. Nilimshika mzee mkono nikamwambia pole. Sikujua kama nampa pole ya ugonjwa au naomba yangu.

Tarehe 22 tulienda kortini wote. Niliwaza kuifuta kesi, lakini Kiptoo mwenyewe alikataa. Alisema anataka deni liandikwe, lisiwe jambo la mdomo tena, maana mdomo ndio uliotufikisha hapa. Mwamuzi ni mama kijana, mpole. Kiptoo alikiri kwamba alimuuza ng'ombe wangu. Alipata elfu sabini na nane kwa sababu ya haraka, lakini akasema atalipa tisini, elfu kumi na tano kwa mwezi. Mwamuzi akaandika, tukatia sahihi.

Karatasi ile haina ndama. Dai langu lilikuwa la pesa, ndama sikumwandika kwa sababu nilipojaza fomu sikujua kama yupo. Nami nilipokuwa natoka nilikuwa nimeamua kunyamaza. Tukiwa kwenye ngazi, Kiptoo akaniita. "Na kale kandama ni kako, Mama," akasema. "Haiko kwa hizi makaratasi ya korti, lakini ni yako."

Angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angejua. Nimefikiria hilo siku tatu.

Sasa nina ndama na sina zizi. Lile shamba nililopata Desemba limeshakodishwa kwa mtu mwingine. Nifanye nini?

Mama yako

*

Nyahururu
15 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepumzika. Mimi ni mzima, na nyumba nzima inakusalimu, maana barua yako Sista Jelagat aliisoma akiwa amesimama mlangoni, hakungoja kufika mezani. Aliponipa alisema tu, "Kijana amelelewa," akaondoka.

Nina maswali. Ndama ana jina? Mzee anaelewa kwamba mmepatana? Kiptoo alilipa Juni? Mama Jepchumba ana miaka mingapi? Nataka kumjua yule mama. Nataka kujua pia ulivyokunywa maziwa mara hii, kama ulimaliza kikombe.

Kuhusu ndama sina ushauri wa kisheria. Sheria imemaliza kazi yake, na elfu tisini yako iko kwenye karatasi. Kwa hivyo ile ahadi yangu unaweza kuitoa kwenye sanduku. Sitahitaji kuja. Nilipoandika hivi nilifurahi, halafu nikajiuliza kama wewe utafurahi.

Tangu Februari nimekuuliza rangi ya ng'ombe, maneno ya mzee, mashahidi, kila kitu. Kuna swali moja ambalo nimeliogopa kwa miaka miwili. Wazazi wa wenzangu huja siku ya wageni, kila miezi mitatu. Hutandika leso kwenye nyasi, hufungua mikebe ya chapati. Mimi huwasaidia kubeba sufuria. Wewe umesema nauli, umesema sare, umesema goti, na goti lile lile limekupeleka Cheptiret.

Acha niazime maneno ya Mama Jepchumba, kwa sababu yangu yameshindwa kutoka. Mama, mimi nilikukosea nini?

Nadhiri ni tarehe 15 Agosti, saa nne asubuhi. Kila mmoja wetu amepewa viti viwili vya wageni. Vyangu nimeandika jina lako kwenye vyote, cha pili ni cha goti.

Binti yako,
Shiko

*

Langas
5 Agosti 2025

Binti yangu,

Salamu. Najua nimekaa kimya mwezi na zaidi, na najua ulikuwa ukimtazama mbeba posta. Sikuwa mgonjwa. Barua yako ilinishinda kujibu. Nilianza mara nne, na kila mara nikaandika habari ya goti.

Nijibu kwanza maswali yako mepesi. Kiptoo alilipa Juni yote. Julai alileta elfu kumi na magunia mawili ya kabeji, akaniambia kabeji si deni, ni aibu ya ile elfu tano iliyobaki. Nimeziuza. Mama Jepchumba hajui umri wake, anasema alikuwa tayari anakama ng'ombe wakati reli ilikuwa bado mpya, lakini nadhani ananidanganya. Kikombe nilimaliza, na cha pili pia. Tumbo limezoea.

Ndama hana jina bado. Yuko Cheptiret. Nilienda Jumamosi iliyopita nikaketi mahali pale pale, nje ya nyumba, mzee kwenye kiti chake, Kiptoo na shangazi yake wakiwepo. Nikasema yale maneno tena: ikae kwako, mzee, kwangu hakuna nyasi. Mara hii nilijua ninachosema. Mzee alitoa sauti, si neno, lakini wao walielewa. Mama Jepchumba alinishika mikono kama mwaka jana. Kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninaye mmoja, yuko kwa watawa Nyahururu. Akaniuliza huwa naenda kumwona mara ngapi.

Nilimdanganya, Shiko. Nilisema mara nyingi.

Irungu alinirudisha kwa bodaboda yake. Njia nzima nilikuwa nawaza jinsi nilivyomchukia yule mzee miezi yote ile, na kosa lake ni kunilishia ng'ombe wangu vizuri na kuchungulia barabarani. Na wewe ulikuwa huko unabeba sufuria za mama za watu.

Hukunikosea kitu. Nilikuona umechukuliwa. Nilisema moyoni, mimi nimemzaa, nimemsomesha kwa kushona, sasa maziwa wanakunywa wengine. Nikaona nisipokuja utachoka na kurudi. Nilipokuandikia ile barua ya Februari, pesa nilizitaka, lakini nilitaka zaidi uje kuzitafuta. Kesi ikiwa ngumu, nilifurahi kidogo. Hata Sista Jelagat asome hapo, sitayafuta.

Vitambaa nimevihamishia kitandani kwako. Chumba kimepata nafasi, na cherehani sasa iko karibu na dirisha.

Usijibu barua hii, jibu halitanikuta. Nakuja tarehe 14 na gari la asubuhi. Mwambie Sista Jelagat nimebeba sukari na majani ya chai, na sitataja pesa mpaka nimwone Sista Faraja.

Mama yako